Kijijini Tunadaiwa Nini?

Kila ikifika Novemba simu zetu huanza kujaa habari za safari. Mmoja anauliza nauli ya Desemba imefika wapi. Mwingine anatafuta mtu mwenye nafasi ya kilo mbili kwenye begi ili amtumie mama dawa za presha. Wengine tuko kimya, kwa sababu makaratasi hayajakamilika, au zamu za Krismasi zimeshapangwa, au watoto wana mitihani. Lakini hata aliye kimya anaulizwa na moyo wake: unakwenda nyumbani lini? Na nyuma ya swali hilo lipo jingine zito zaidi, ambalo tungependa kulitafakari pamoja juma hili. Sisi tuliotoka kijijini tunadaiwa nini huko? Na kama tunadaiwa, anayetudai ni nani?

Wahenga hawakutusaidia sana hapa, kwa maana walituachia maneno mawili yanayovutana. Walisema "Mkataa kwao ni mtumwa." Wakasema pia "Tembea uone." Bibi yule yule aliyetuambia la kwanza jioni ndiye aliyetufungia mihogo ya njiani asubuhi akituambia la pili. Hakuwa anajipinga. Alijua kwamba mtoto anatakiwa kufanya yote mawili, ila hakutuambia kwa utaratibu gani.

Tukumbuke kwanza kwamba wengi wetu hatukuanza kuondoka siku tuliyopanda ndege. Tulianza siku tuliyopanda basi kutoka Rombo, au Siaya, au Kabare, kwenda mjini. London ni kituo cha pili au cha tatu. Kijana anayetoka Marangu kwenda Dar es Salaam na yule anayetoka Dar es Salaam kuja huku wanatofautiana kwa nauli na kwa viza, lakini wanachokiacha nyuma ni kile kile: mzazi mlangoni, shamba, makaburi, na watu wanaomjua kwa jina la babu yake.

Kwa nini vijana wanaondoka? Wazee wengine husema ni tamaa ya taa za mjini. Tamaa ipo, hatukatai. Lakini tuwatendee haki vijana. Tuchukue mfano wa mlima Kilimanjaro. Familia ya Kichagga iliishi kwa kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Kahawa ilijenga shule na kulipa ada, na mwaka 1933 wakulima waliunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Kisha kihamba kikagawanywa kwa wana, nao wakagawia wana wao, mpaka mjukuu akabaki na kipande kisichoweza kumlisha mke na watoto. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakilinda bei ya kahawa yakavunjika, na bei ikaanguka. Kijana aliyeondoka baada ya hapo hakuwa amekidharau kihamba. Alikuwa amepiga hesabu.

Shule nayo ilichangia. Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba shule za msingi zilikuwa zinaandaa watoto wachache kwenda sekondari, na kuwaacha wengine wote wakijiona wameshindwa kwa sababu tu watabaki kijijini. Tangu hapo miaka mingi imepita, lakini ni nani kati yetu hakuambiwa na mwalimu au mzazi, "Soma, usije ukaishia kushika jembe kama mimi"? Mtoto aliyesikia maneno hayo miaka saba alikuwa anafundishwa kuondoka, na wanaomfundisha walikuwa ni wale wale ambao baadaye wangelia kwamba ameondoka.

Matokeo tunayaona. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 4.36 katika mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Na jambo hili si letu peke yetu. Sensa ya mwaka 1851 ndiyo ya kwanza kuonyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wa Uingereza na Wales walikuwa wakiishi mijini. Mitaa tunayopanga leo huku London ilijazwa na vijana waliotoka mashambani. Wengi wao hawakurudi, na leo vijukuu wao huenda kijijini kutembea mwisho wa wiki. Wanakwenda kwa watu, hawaendi kwao.

Basi, kuondoka ni kosa? Tunaamini hapana. Tufungue kitabu cha Ruthu. Naomi na mumewe waliondoka Bethlehemu kwa sababu ya njaa, wakaenda Moabu. Hakuna mahali kitabu hicho kinapowahesabia dhambi kwa kuhama. Na Naomi alirudi lini? Aliondoka Moabu baada ya kupata habari kwamba chakula kimepatikana kwao. Tumezoea kuhubiri kurudi kwa kutumia mfano wa mwana mpotevu, kana kwamba kila aliye mbali amefuja mali na lazima arudi akiwa ameinamisha kichwa. Lakini wapo wanaorudi kama Naomi, wasio na kosa la kuungama, ambao walifuata chakula kwenda na walifuata chakula kurudi.

Kama kuondoka si kosa, basi kumlazimisha mtu kurudi hakuwezi kuwa haki, na uzoefu unaonyesha pia kwamba hakufai kitu. Mwaka 1983 Tanzania iliendesha kampeni ya Nguvu Kazi. Watu walioonekana hawana kazi rasmi Dar es Salaam walikamatwa mitaani na kupelekwa vijijini au kwenye mashamba. Wengi walirejea mjini. Gari la serikali liliweza kumfikisha mtu kijijini, ila halikuweza kumpa sababu ya kukaa.

Hata sisi tulio katika kazi ya afya tunaishi na suala hili kila siku. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Tanzania, Uganda, Kongo, Burundi na Rwanda zimo. Kwa kanuni za Uingereza, waajiri wa huku hawaruhusiwi kwenda kusaka wauguzi katika nchi hizo. Lakini tuangalie vizuri kanuni hiyo inamkataza nani. Inamkataza tajiri kwenda kuvuna shamba la maskini. Haimkatazi muuguzi kuomba kazi mwenyewe. Tunaona hekima humo. Mtu si mali ya kijiji wala ya nchi, hata azuiliwe mlangoni. Lakini zahanati aliyoiacha bado ina foleni, na haki yake ya kuondoka haiifanyi foleni hiyo ipungue.

Tuulize sasa, ni nini huwavuta watu kurudi? Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa. Watu wa Kilimanjaro wanafunga maduka, wanajazana kwenye mabasi na magari, wanakwenda mlimani kwa Krismasi. Wengine wanacheka kwamba Mchagga hawezi kula sikukuu mjini. Lakini tukitazama wanachokwenda kufanya, hakuna cha kuchekesha. Wanakwenda kukaa na wazazi, kugawana nyama, kumaliza ugomvi wa mpaka wa shamba, kuwaonyesha watoto makaburi ya babu na bibi pale pale kihambani. Ni siku chache tu, kisha wanateremka tena. Hawajarudi kuishi, lakini hawajaondoka kabisa.

Wapo pia wanaorudi kuishi, na hao mara nyingi wameitwa na mambo ya kawaida sana. Umeme umefika. Mtandao unashika. Njombe watu wamepanda maparachichi na wameona faida. Kenya, baada ya katiba ya 2010, serikali za kaunti 47 zilianza kazi mwaka 2013, na miji midogo ikapata ofisi, hospitali na ajira ambazo zamani zilitafutwa Nairobi. Tusione haya kusema kwamba mkate unavuta. Hata Naomi ulimvuta. Anayemtaka kijana arudi amwekee kwanza maji, ardhi na kazi, kisha ndiyo amwimbie nyimbo za nyumbani.

Lakini mkate peke yake hauelezi kila kitu. Wakenya wetu wanaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Desemba 1986, baada ya maisha marefu ya kazi na ndoa Nairobi. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika kwenye shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema hapana, Mjaluo anazikwa kwao, Nyalgunga huko Siaya. Kesi ikaenda kwa miezi, mwili ukiwa chumba cha maiti. Mahakamani ilijadiliwa sana tofauti ya nyumba na nyumbani. Nyumba unaweza kuwa nayo popote ulipolipia. Nyumbani ni pale ukoo ulipokupa mahali. Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliwapa ukoo ushindi, na akazikwa Nyalgunga.

Hatutaki kuihukumu upya kesi hiyo. Tunaitaja kwa sababu inatuonyesha hatari moja. Neno "nyumbani" likitumiwa vibaya linaweza kumfuta mtu aliyekaa na marehemu miaka yote, aliyemuuguza na kumzalia. Ukoo ulikuwa na hoja yake, na mjane alikuwa na yake. Lakini mvutano wote ulikuwa juu ya mwili. Aliyebishaniwa hakuweza tena kumsalimia mtu yeyote, si wa Ngong wala wa Nyalgunga.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi wa London. Mmoja wetu akifariki, michango ya kusafirisha mwili hupatikana. Maelfu ya pauni hukusanywa kwa siku chache, na hilo ni jambo jema. Linaonyesha kwamba hatumwachi mtu wetu. Lakini kuna swali linalostahili kuulizwa kwa upole: kama upendo wetu unaweza kumfikisha marehemu kijijini kwa juma moja, mbona unachukua miaka kumfikisha aliye hai? Mama aliyesubiri mwanawe miaka kumi na miwili akapokea jeneza, amepokea heshima, lakini si hiyo aliyokuwa akiisubiri.

Mwalimu Nyerere alifariki hapa hapa London, katika hospitali ya St Thomas', tarehe 14 Oktoba 1999. Alirudishwa akazikwa Butiama. Wengi wanakumbuka safari hiyo ya mwisho. Tukumbuke pia iliyotangulia. Alipoachia urais mwaka 1985, alikwenda kujenga maisha yake Butiama, akalima. Kwa hiyo mwili wake ulipofika haukufika ugenini. Watu waliomzika walikuwa majirani zake, waliomjua akiwa shambani. Kaburi lake lilifuata maisha yake. Kwa wengi wetu tunataka kaburi lifanye kazi ambayo maisha hayakuifanya.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Nani anatudai? Wapo wanaosema ardhi inatudai, au mila, au mababu. Sisi tunadhani tutafute karibu zaidi. Karibu kila familia yetu ina mtu mmoja aliyebaki. Kwa Wachagga, kwa mila, kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Kwa wengine ni dada ambaye ndoa ilivunjika akarudi, au ambaye ada ilipokuwa haba tuliambiwa asome kaka kwanza. Yeye ndiye anayejua mama amekula nini jana. Ndiye anayempeleka kliniki kwa bodaboda, anayepokea wageni wa msiba, anayelinda mpaka wa shamba jirani asiusogeze. Sisi tuliondoka kwa sababu yeye alibaki. Hilo ni deni, na mdai ana jina na namba ya simu.

Tulio wauguzi na walezi wa wazee tunalifahamu jambo hili kwa mikono yetu. Usiku tunamgeuza mzee wa watu kitandani ili asipate vidonda vya kulalia. Tunamwogesha, tunamlisha, tunazungumza naye. Ni kazi ya heshima na hatuionei aibu. Saa hizo hizo, kule nyumbani, dada yetu anamgeuza mama yetu. Kazi ni ile ile. Ila yetu ina zamu inayoisha, ina glavu, ina mshahara, ina likizo, na mgongo ukiuma ina fomu ya kujaza. Yake haina hata jina. Inaitwa tu "yuko kwa mama."

Tutasema, lakini pesa tunatuma. Ni kweli, na tusidharau. Mwaka 2007 M-Pesa ilipoanza Kenya, kutuma pesa kijijini kukawa jambo la dakika. Mwaka 2023 Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4. Nyuma ya takwimu hiyo kuna ada, mabati, dialisisi na mbegu. Tena zipo nyakati ambapo kukaa mbali ndiko kupenda. Aprili 2020 serikali ya Kenya ilipozuia watu kutoka na kuingia Nairobi kwa sababu ya korona, hofu mojawapo ilikuwa kwamba vijana wa mjini wangewapelekea wazee ugonjwa kijijini. Aliyewapenda wazazi wake mwaka ule alibaki alipokuwa.

Lakini pesa haimgeuzi mgonjwa. Na mara nyingi pesa yetu hupita mikononi mwa dada ikiwa na maelekezo: hii ya dawa, hii ya fundi, tuma picha ya risiti. Yeye amekuwa karani wa ukarimu wetu. Tukikutana kwenye kikundi cha familia, wenye pauni tunaamua, naye anatekeleza. Deni halilipwi hivyo. Tunaona lina sehemu nne, zote zinazowezekana hata kwa asiye na makaratasi ya kusafiri.

Kwanza, awe na pesa yake, kwa jina lake, isiyo na risiti. Pili, awe na sauti. Aliye karibu na mgonjwa asikilizwe kabla ya aliye karibu na benki. Tatu, apate mapumziko. Wanaoweza kusafiri, safari moja iwe ya kumpokea zamu, ili naye aondoke wiki mbili aone bahari au alale tu kwa rafiki. Nne, wazazi wakiondoka, yeye asiondolewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya mwaka 1999 inamtambulia mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, lakini mara nyingi kikao cha ukoo hukaa kabla sheria haijafika. Sisi tunaohudhuria kikao hicho kwa simu tuna sauti kubwa. Tuitumie kwa ajili yake.

Na watoto wetu waliozaliwa huku? Tusiwabebeshe deni lisilo lao. Kumwambia mtoto wa Lewisham kwamba "kwenu ni Kibosho" na kisha kumlaumu kwa kutokujua Kichagga ni kumfanya mgeni mahali pawili. Turudi tena kwa Ruthu. Yeye hakurudi Bethlehemu, maana hakuwahi kufika. Alikwenda kwa sababu alimpenda Naomi. Na alipofika alikuta mila ya kuwaachia maskini na wageni masazo shambani, akapata pa kuokota na hatimaye pa kukaa. Watoto wetu nao watavutwa na mtu kabla ya kuvutwa na mahali. Bibi anayeongea nao kila Jumapili kwenye simu, binamu anayewafundisha kukamua ng'ombe, shangazi anayewacheka bila kuwadhalilisha. Wasipokuwa na mtu, kijiji kwao kitakuwa vumbi na mbu.

Tukumbuke pia kwamba kurudi nako kunaacha watu. Jomo Kenyatta aliishi Uingereza takriban miaka 15 kabla ya kurejea Kenya mwaka 1946, na alipoondoka alimwacha huku mke Mwingereza na mtoto mdogo. Wazee wetu wanaopanga kustaafu kijijini wanazo mizizi huku pia: wajukuu, marafiki, usharika huu. Na wapo ndugu zetu wa Kivu ambao kurudi si suala la nauli wala la nia. Goma ilipotekwa na M23 Januari 2025, vijiji vingi vya jirani vilikuwa vimekwisha kukimbiwa. Tusiwaulize kwa wepesi, "Mbona huendi nyumbani?" Wao wanadaiwa pia, lakini na watu waliotawanyika kambini, Kampala na Nairobi. Nao watu hao wanafikika.

Basi msimamo wetu ni huu. Kuondoka si kosa. Kurudi si amri. Lakini hakuna aliyeondoka bure, kwa sababu kuna mtu aliyebaki akashika tulichokiachia. Tukimwangalia huyo, swali la kijiji linaacha kuwa la huzuni tu na linakuwa la kazi. Huenda tukarudi kuishi, huenda tukaenda kwa siku kumi, huenda tusiweze kwenda kabisa. Katika hali zote tatu yupo mtu wa kumpigia.

Juma hili tunaomba kila familia ikae mezani, wazazi na watoto, mtaje kwa jina yule aliyebaki. Waambieni watoto anafanya nini kuanzia asubuhi hadi usiku. Kisha mpigieni, na safari hii msimuulize mama anaendeleaje. Muulizeni yeye anaendeleaje, halafu nyamazeni mpaka amalize kujibu.